Maswali na Majibu ya Linux: Tafuta Kosa Lilipo Kabla ya Kubadilisha Chochote

Barua tulizozichagua mwezi huu zinahusu mtandao na usakinishaji wa programu katika Linux, hasa Debian na Ubuntu, mifumo inayotumiwa na wengi wa wanaotuandikia. Barua tumezifupisha, lakini ujumbe wa kosa uliotokea kwenye skrini tumeuacha neno kwa neno, kwa sababu huo ndio ushahidi wa kwanza tulionao. Msomaji anayetuandikia kwamba "mtandao umegoma" hutulazimisha kubahatisha, ilhali anayenakili ujumbe ule kama ulivyo huwa ametufanyia sehemu kubwa ya kazi. Tumeona pia kwamba waandishi kadhaa walishauriwa kufuta faili fulani, kuzima ulinzi au kusakinisha mfumo upya kabla ya mtu yeyote kujua kosa liko upande gani. Ushauri wa namna hiyo tunaupinga kwa dhati, na majibu yafuatayo yataeleza sababu.

Kompyuta nyingine zinapata intaneti, moja haipati

Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Njombe. Shule yetu ilipewa kompyuta zilizokwishatumika, nasi tukaziwekea Debian 12. Zote zimeunganishwa kwenye ruta moja kwa kebo. Moja kati yake inaonyesha kuwa imeunganishwa, lakini kivinjari hakifungui tovuti yoyote, na nikiandika `ping deb.debian.org` napata "Temporary failure in name resolution". Nilielekezwa niandike "nameserver 8.8.8.8" katika faili la /etc/resolv.conf, nikafanya hivyo, ikakubali, lakini kila inapowashwa upya tatizo linarudi. Mwenzangu ananishauri nilifunge faili hilo lisibadilike tena. Je, nifanye hivyo au nisakinishe mfumo upya?

Mwalimu, usifanye lolote kati ya hayo mawili. Ujumbe ulioupata unasema jambo moja mahususi, kwamba kompyuta imeshindwa kupata anwani ya namba inayolingana na jina ulilolitaja. Hausemi kwamba mtandao haupo. Mawasiliano ya intaneti yamejengwa kwa ngazi, kila ngazi inaitegemea iliyo chini yake na kila moja ina amri ya kuipima, kwa hiyo anayetafuta kosa huanzia chini na kupanda, akasimama pale panapokataa.

Amri ya kwanza ni `ip link`, inayoorodhesha violesura vya mtandao. Cha kebo huwa na jina kama eno1 au enp3s0, na cha Wi-Fi huanza na herufi wl. Ukiona "NO-CARRIER" kwenye kiolesura cha kebo iliyochomekwa, tatizo ni la waya, tundu au swichi, na hakuna faili unaloweza kuhariri likalitibu. Ya pili ni `ip addr`. Ikiwa kiolesura hakina anwani ya IPv4 kabisa, au kina anwani inayoanza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani kwa DHCP, utaratibu ambao ruta hugawa anwani, na haikujibiwa. Hapo anayechunguzwa ni ruta, ambayo katika maabara yenye mashine nyingi inaweza kuwa imemaliza anwani ilizotengewa kugawa. Ya tatu ni `ip route`, ambayo lazima ionyeshe mstari unaoanza na "default via" ukifuatiwa na namba ya ruta inayopokea kila kinachokwenda nje. Ipime ruta hiyo kwa `ping -c 4 192.168.1.1`, ukiweka namba ya kwenu, kisha pima nje kwa namba tupu isiyo na jina: `ping -c 4 1.1.1.1`.

Mashine yako itafaulu ngazi zote hizo. Tunaweza kulisema hilo bila kuiona, kwa sababu ulipoandika 8.8.8.8 tovuti zilifunguka. Mashine isiyo na njia ya kutokea nje isingeifikia seva hiyo. Kinachobaki ni ngazi ya majina, yaani DNS, huduma inayogeuza jina kuwa anwani ya namba, na kwa kuwa mashine nyingine zinazotumia ruta ileile hazina shida, ni lazima mpangilio wa hii moja unatofautiana na wa wenzake.

Kwanza tuone kwa nini marekebisho yako hufutika. Katika Debian yenye mazingira ya picha, faili la /etc/resolv.conf huandikwa na programu iitwayo NetworkManager kila inapounganisha mtandao, na mara nyingi mstari wa juu kabisa wa faili hilo hutaja jina la programu hiyo. Unachokiandika humo kwa mkono hakina maisha marefu. Chanzo halisi kimo katika maelezo ya muunganisho, ambayo utayaona kwa `nmcli connection show`, kisha `nmcli connection show "Wired connection 1" | grep -i dns`, ukibadilisha jina kulingana na orodha yako. Fanya hivyohivyo kwenye mashine nzima iliyo jirani, ulinganishe. Tunadhani utakuta kwamba mtu aliipa mashine hii anwani ya kudumu, akajaza namba yake na ya ruta, akaacha nafasi ya DNS wazi. Kosa hili ni la kawaida sana, na halionekani mara moja kwa sababu ngazi zote za chini huendelea kufanya kazi vizuri. Dawa yake ni `sudo nmcli connection modify "Wired connection 1" ipv4.dns "192.168.1.1 1.1.1.1"`, ikifuatiwa na `sudo nmcli connection up "Wired connection 1"`. Baada ya hapo faili litaandikwa sawasawa kila mashine inapowashwa.

Kulifunga faili kama alivyopendekeza mwenzako hufanywa kwa amri ya `chattr +i`, ambayo hulizuia lisiandikwe na programu yoyote, hata ikiwa na mamlaka ya msimamizi mkuu. Inaficha kosa badala ya kulirekebisha, na siku shule itakapobadilisha mtoa huduma, mwalimu atakayekuwapo atahangaika kutafuta kwa nini faili linakataa kubadilika huku hakuna alama yoyote ya kumwelekeza. Wasomaji wenye Ubuntu nao wasishtuke wakikuta namba 127.0.0.53 katika faili hilo: hiyo ni huduma ya systemd-resolved iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe, na seva halisi za DNS huonyeshwa na `resolvectl status`.

Wengi hupima majina kwa `dig` pekee. Amri hiyo huiuliza seva ya DNS moja kwa moja, wakati programu za kawaida hufuata utaratibu ulioandikwa katika /etc/nsswitch.conf na kwa kawaida huanza kusoma faili la /etc/hosts. Ukitaka kuona jina kama programu zinavyoliona, tumia `getent hosts deb.debian.org`. Pale `dig` inapotoa jibu sahihi na `getent` ikatoa jingine, tazama /etc/hosts, kwani huenda kuna mstari wa zamani uliosahauliwa. Faili hilo lina asili ya kale kuliko DNS yenyewe: kabla ya Paul Mockapetris kubuni DNS mwaka 1983, kompyuta za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, zilitegemea orodha moja ya majina, HOSTS.TXT, iliyotunzwa mahali pamoja huko California na kunakiliwa na vituo vingine.

Faili la kufuli na bando linaloyeyuka

Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Morogoro na natumia Ubuntu 22.04. Asubuhi moja nilitaka kusakinisha programu, nikapata "Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend. It is held by process 1432 (unattended-upgr)". Rafiki yangu alinipa amri ya kufuta faili hilo, nikalifuta na kuzima kompyuta. Sasa kila ninachojaribu kinanijibu "dpkg was interrupted, you must manually run 'sudo dpkg --configure -a' to correct the problem". Zaidi ya hayo, bando langu linakwisha bila mimi kupakua chochote.

Marahaba. Ujumbe wa kwanza haukuwa kosa. Ulikuwa unakujulisha kwamba programu ya masasisho ya usalama, unattended-upgrades, ilikuwa kazini na imeishika kanzidata ya vifurushi vya programu ili mwingine asiiandike kwa wakati uleule. Kufuli hilo halimo katika faili lenyewe, bali hushikiliwa na kerneli, yaani kiini cha mfumo, kwa niaba ya mchakato (programu inayoendeshwa) namba 1432. Faili likifutwa, mchakato ule unaendelea kama kawaida. Kinachobadilika ni kwamba programu ya pili itaunda faili jipya lenye jina lilelile, italishika, na kuamini kuwa iko peke yake. Hapo programu mbili zinaweza kuandika kwa pamoja katika /var/lib/dpkg/status, faili linaloeleza kila kifurushi kilichomo ndani ya mashine yako. Ndiyo maana tunawasihi wasomaji wasifuate ushauri huo hata kama umeandikwa mahali pengi. Kilichotakiwa ni kusubiri. Ukiwa na shaka kama mchakato bado unaendelea, `ps -p 1432` itakujibu.

Usumbufu ulio nao sasa umetokana na kuzima kompyuta katikati ya kazi, na bahati nzuri ujumbe wa pili unakutajia dawa yake. Kabla ya kuitumia, andika `df -h` uhakikishe kwamba diski, na hasa sehemu ya /boot kama imetengwa, haijajaa, kwa sababu kifurushi kinachokosa nafasi kitakwama tena palepale. Kisha endesha `sudo dpkg --configure -a`, halafu `sudo apt --fix-broken install`, halafu `sudo apt update`, na kila mara soma majibu hadi mwisho kabla ya kuendelea. Ikitokea kwamba faili la status limeharibika, nakala zake za siku zilizopita zimo katika saraka ya /var/backups, zikianza na jina dpkg.status.

Kuhusu bando, kompyuta haijui kwamba intaneti ya simu yako inalipiwa kwa kiasi isipokuwa ijulishwe. Tafuta jina la muunganisho wa simu yako kwa `nmcli connection show`, kisha uandike `nmcli connection modify "jina hilo" connection.metered yes`. Programu ya masasisho huitazama alama hiyo na kwa kawaida haipakui vifurushi kupitia muunganisho wa namna hiyo. Usiizime kabisa, iache ifanye kazi ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo. Na kama mko wanafunzi kadhaa wenye toleo moja la Ubuntu na aina moja ya prosesa, mmoja anaweza kupakua kwa niaba ya wengine: ukitumia `apt-get` badala ya `apt`, vifurushi vilivyopakuliwa hubaki katika /var/cache/apt/archives, vikanakiliwa kwa flashi na kusakinishwa kwenye mashine nyingine bila kupakuliwa tena.

Programu inafunguka kwenye seva tu

Nasimamia kompyuta za SACCOS moja jijini Mwanza. Nimeandika kwa Python programu ndogo ya kumbukumbu za wanachama, nayo iko kwenye seva ya Ubuntu yenye anwani 192.168.10.5. Nikiwa kwenye seva yenyewe, `curl http://localhost:8000` inajibu vizuri, lakini kompyuta za wahudumu zinapata "Connection refused". Nimezima ukuta wa moto wote kwa `sudo ufw disable` na hali ni ileile.

Ndugu yetu, washa tena ukuta huo (firewall, kichujio cha mawasiliano ya mtandao) leo hii, baada ya kusoma aya hizi. Haukuwa na hatia, na ujumbe wenyewe ulikuwa umekwisha kusema hivyo.

Kompyuta inayoomba kuunganishwa na poti ya kompyuta nyingine, yaani mlango wenye namba ambao programu husikilizia, ni kama mgeni anayepiga hodi. "Connection refused" ni hodi iliyojibiwa: pakiti imefika, na kerneli ya upande wa pili imejibu kwamba kwenye anwani na poti hiyo hakuna programu inayosikiliza. "Connection timed out" ni hodi isiyojibiwa kabisa, ambayo husababishwa na mashine iliyozimwa, njia iliyokatika, au ukuta wa moto unaotupa pakiti kimyakimya. Na ufw, kwa mpangilio wake wa kawaida, hutupa kimyakimya. "No route to host", mashine zikiwa kwenye mtandao mmoja wa ndani, mara nyingi huonyesha kwamba hakuna kifaa kilichoitikia anwani hiyo, ingawa kuta nyingine za moto zimepangwa kurudisha jibu kama hilo kwa makusudi. Wahudumu wako walijibiwa mara moja, kwa hiyo pakiti zao zilikuwa zinafika kwenye seva na kurudi.

Andika kwenye seva `sudo ss -tlnp`. Tunatarajia utaona 127.0.0.1:8000. Anwani hiyo ni ya kompyuta kujisemesha yenyewe, na programu inayosikiliza hapo haiwezi kufikiwa na mtu wa nje hata ukuta uondolewe wote. Seva za majaribio zinazokuja na Django na Flask huanza hivyo kwa makusudi, ili programu ambayo haijakamilika isionekane na kila mtu. Ungeweza kuiamuru isikilize kwenye 0.0.0.0, yaani anwani zote za mashine, na wahudumu wangeingia papo hapo. Hatukushauri hivyo kwa kumbukumbu za fedha za watu. Seva hizo za majaribio hazikutengenezwa kwa kazi ya kila siku, na watengenezaji wake wanasema hivyo waziwazi katika maelekezo yao. Iendeshe programu yako kwa gunicorn, seva ya programu za Python, iache ibaki kwenye 127.0.0.1, kisha mbele yake uweke Nginx, seva ya wavuti, inayopokea wahudumu kwenye poti 443 kwa mawasiliano yaliyosimbwa. Kanzidata nayo, iwe PostgreSQL kwenye poti 5432 au MySQL kwenye 3306, isisikilize popote zaidi ya 127.0.0.1 ikiwa iko kwenye seva hiyohiyo. Taarifa za wanachama wenu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mwenye dhamana ya seva ndiye atakayeulizwa kwanza.

Unapowasha ukuta wa moto ukiwa umeingia kwenye seva kwa ssh, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, utaratibu una uzito. Tanguliza `sudo ufw allow OpenSSH`, halafu `sudo ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 443 proto tcp`, na mwisho `sudo ufw enable`. Anayeanza na amri ya mwisho anaweza kujifungia nje ya seva yake, na kama seva iko mbali atahitaji kusafiri ili kuifungua.

Hazina inayosema bado siku zake hazijafika

Niko Pemba. Baada ya umeme kukatika, kompyuta yangu ya zamani yenye Debian inakataa `apt update` ikisema "Release file … is not valid yet", na kivinjari kinalalamikia vyeti vya usalama kwa kila tovuti. Je, nimeingiliwa na virusi?

Hapana. Saa ya kompyuta yako imerudi nyuma. Faili la hazina, yaani seva ambako vifurushi vya programu hupakuliwa, limetiwa sahihi likiwa na tarehe, na vyeti vya tovuti pia vina tarehe ya kuanza. Mashine inayodhani iko mwaka uliopita huviona vyote kuwa vya wakati ujao, na inafanya vyema kuvikataa. Andika `timedatectl` uone tarehe, ukanda wa saa, na kama ulinganishaji wa saa kwa mtandao umewashwa. Kama haujawashwa, andika `sudo timedatectl set-ntp true`. Ukiambiwa kuwa mashine haina huduma hiyo, weka tarehe sahihi kwa `sudo date -s`, kisha usakinishe kifurushi cha systemd-timesyncd. Ulinganishaji huo hutumia poti 123 ya UDP, ambayo mitandao mingine ya ofisi huifunga, na hapo pia `date` itakusaidia. Malizia na `sudo hwclock --systohc` ili saa ya ubao mama nayo ifuate. Ikiwa tatizo linarudi kila umeme unapokatika, betri ndogo iliyo kwenye ubao mama imekufa. Kwenye kompyuta za mezani huwa ni CR2032 ya volti 3, hupatikana kwa mafundi wa saa na elektroniki, na kuibadilisha hakuhitaji fundi wa kompyuta. Wenye Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 wajue kwamba vifaa hivyo havina saa ya betri kabisa, hivyo huutegemea mtandao kujua tarehe kila vinapowashwa.

Kosa 404 kutoka kwenye hazina za Ubuntu

Mimi ni msomaji wa Kigoma. Nina Ubuntu 23.10 na sasa `apt update` inarudisha "404 Not Found" kwenye mistari yote, wakati tovuti za kawaida zinafunguka. Niiguse ruta?

Usiiguse. Namba 404 imetoka kwa seva ya mbali, kwa hiyo mtandao wako umekwisha kufika huko na kurudi salama. Toleo la 23.10 lilitoka Oktoba 2023 na, kama matoleo mengine ya siku hizi ya Ubuntu yasiyo ya muda mrefu (LTS), lilihudumiwa kwa miezi 9 tu, hadi Julai 2024. Vifurushi vyake vimehamishiwa old-releases.ubuntu.com. Weka nakala ya mafaili yako kwenye diski ya nje, badilisha majina ya seva katika /etc/apt/sources.list yaelekee huko, endesha `sudo apt update` na `sudo apt full-upgrade`, kisha `sudo do-release-upgrade` ili uhamie 24.04 LTS, yenye huduma ya kawaida ya miaka 5. Mtu asiyetaka kuhamahama achague toleo la LTS tangu mwanzo.

Ssh inaingia, kisha inaganda

Mimi ni mhasibu, nafanyia kazi nyumbani Mombasa kupitia VPN ya WireGuard inayoniunganisha na seva ya ofisi. Laptop yangu ina Debian. Nikiwa ofisini kila kitu ni sawa. Nyumbani, ambako natumia ruta ya laini ya 4G, `ping` inajibu, `ssh` inapokea nenosiri na kuniingiza, lakini nikiandika `ls -l` kwenye saraka kubwa skrini inaganda. Mtoa huduma wangu anasema laini haina hitilafu.

Swali lako limetufurahisha, kwa sababu dalili ulizozipanga zinaelekeza mahali pamoja. Ping ya kawaida, nenosiri na herufi unazoziandika ni pakiti ndogo, nazo zinapita. Orodha ndefu ya mafaili hupakiwa katika pakiti zilizojaa hadi mwisho, na hizo ndizo zinazopotea. Tatizo basi ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti ambao njia inaweza kuubeba.

Kwenye Ethernet, yaani mtandao wa kebo, kiwango hicho kwa kawaida ni baiti 1500. Laini zinazotumia PPPoE, mojawapo ya njia za kumwunganisha mteja na mtoa huduma, hupoteza baiti 8 na kubaki na 1492, na mitandao ya simu inaweza kuwa na kiwango cha chini zaidi. WireGuard nayo hufunga kila pakiti ndani ya nyingine na kuongeza hadi baiti 80, ndiyo maana kiolesura chake kwa kawaida hupewa 1420. Hesabu hiyo ni sahihi pale tu njia ya chini inapobeba 1500 kamili. Kompyuta yako inaiona ruta ya nyumbani iliyo karibu, haiioni sehemu nyembamba iliyo mbele yake. Kanuni ya intaneti inataka kifaa kinachoshindwa kupitisha pakiti isiyoruhusiwa kukatwa kimjulishe mtumaji kwa ujumbe wa ICMP, aina ya ujumbe ambao ping pia huutumia, ili apunguze ukubwa. Kwa masikitiko, wasimamizi wengi hufunga ICMP yote wakidhani wanaongeza usalama, na hivyo taarifa hiyo haimfikii anayeihitaji.

Pima hivi. Zima VPN kwa `sudo wg-quick down wg0`, kisha uandike `ping -M do -c 3 -s 1472` ukimalizia na anwani ya umma ya seva ya ofisi, au 1.1.1.1 ikiwa seva yenu haijibu ping. Sehemu ya `-M do` inakataza pakiti kukatwa vipande, na 1472 ukijumlisha baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP ni 1500. Ukikosa jibu, shuka hadi 1452, 1432, 1412 na kuendelea hadi jibu lirudi. Amri ya `tracepath -n` hufanya upimaji kama huo yenyewe, ila nayo hukwama pale ICMP inapofungwa, kwa hiyo njia ya mkono ni ya kutegemewa zaidi. Tuseme jibu limerudi kwenye 1412: njia yako inabeba 1440, nawe ukitoa 80 za WireGuard unabaki na 1360. Fungua /etc/wireguard/wg0.conf, chini ya sehemu ya [Interface] ongeza mstari `MTU = 1360`, kisha uwashe tena kwa `sudo wg-quick up wg0`. Usishuke chini ya 1280, kwa sababu hicho ndicho kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa na IPv6.

Huhitaji kumsumbua msimamizi wa seva ili abadilishe upande wake kwa ajili ya ssh. Wakati wa kuunganishwa, kila upande wa TCP humtangazia mwenzake ukubwa wa vipande ulio tayari kuvipokea, na seva itafuata tangazo la laptop yako. Kwa kuwa tangazo hilo hutolewa mara moja tu mwanzoni, vikao vya ssh ulivyovifungua kabla ya badiliko vitaendelea kuganda. Vifunge, ufungue vipya, ndipo ujaribu `ls -l` kwenye saraka ileile. Ikiganda tena, tutumie matokeo ya `ip link show wg0` pamoja na namba kubwa kabisa iliyojibiwa na ping, ukitueleza pia kama vipimo hivyo umevifanya VPN ikiwa imezimwa.